Mji wa Gulio wa Ghorofa ya Pili

Nimeishi Korogwe, nikaishi Dar es Salaam, nikaishi Dubai, lakini mji ninaoujua kuliko yote sijawahi kuukanyaga. Uko Ujerumani, ni mdogo, una mto mwembamba unaopita nyuma ya nyumba na uwanja wa soko ulioinama kidogo kuelekea mtoni. Nifunge kitambaa machoni, uniweke kisimani pake, nitakupeleka mpaka kwa mwoka mikate bila kugusa ukuta. Nilifundishwa na mzee mmoja niliyekuwa nikimtunza huko Dubai, mtaa wa Jumeirah Village Circle, katika jengo la kupangisha lisilo na mto wala kisima, lenye bwawa la kuogelea ambalo sikuwahi kuona mtu akiliogelea.

Mzee alikuwa amepita miaka tisini. Ujanani alifundisha useremala kule milima ya Usambara, miaka mingi, na ugonjwa wa kusahau ulipomshika ulimfutia Kiingereza chote, ukamwachia Kijerumani na Kiswahili. Binti yake, ambaye ndiye madam wangu, alizaliwa wakati wameshakwisha kurudi kwao, kwa hiyo Kiswahili hakujua zaidi ya jambo na asante. Alikuwa anamsikia baba yake akinung'unika kwenye kiti na haelewi kama anaomba maji au anatukana. Ndipo wakala akatafuta Mtanzania, nami nikaacha kazi ya kufagia hoteli kule Al Mankhool nikahamia kwenye chumba kidogo kando ya jiko.

Siku ya kwanza madam aliniambia jambo moja tu la maana. Usimpinge. Daktari amesema ukimpinga anaogopa, akiogopa anaanguka, na akianguka kwa umri ule, khalas. Akisema leo ni Alhamisi, mwambie ndiyo, ni Alhamisi.

Mimi ni mtu wa ubishi. Kwetu waliniita wakili tangu sijajua kusoma. Lakini kazi ni kazi, nikaanza kuitikia ndiyo babu, ndiyo babu, mpaka ulimi ukazoea.

Na kweli kila siku ilikuwa Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku ya gulio katika mji wake. Akishamaliza chai anavaa kofia yake ya kitambaa cha kijivu, anachukua fimbo, anasimama mlangoni kunisubiri. Nje jua linachoma, huwezi kumtoa mtu wa umri ule. Kwa hiyo tulitembea kwenye korido, mbele na nyuma, na korido ikageuka mji. Mlango wa jirani yetu Mhindi ulikuwa kwa mwoka mikate, kwa sababu asubuhi palinukia chapati. Lifti ilikuwa kanisa, maana ilipiga kengele. Kabati jekundu la mpira wa zimamoto lilikuwa ukumbi wa mji. Chungu cha maua ya plastiki kilikuwa kisima. Mwisho wa korido, kwenye dirisha, palikuwa daraja. Niliishika ramani ile kama nilivyoshika sala, kwa sababu siku niliyokosea nikaita kisima kwa mwoka mikate, mzee alilia mpaka adhuhuri.

Sitasema uongo, niliipenda ile safari. Gulio nalijua, nimekulia kwenye gulio. Tulibishana kwa raha, ubishi ule wa kuruhusiwa, juu ya nani hupanga nyanya vizuri, mama zetu wa Korogwe au mama zao. Aliniambia kwamba zamani sana bwana mkubwa mmoja wa nchi ndiye aliyewapa ruhusa ya kufanya soko, na kabla ya hapo walikuwa kijiji tu kama vijiji vingine. Ruhusa hiyo ndiyo iliyowatia kiburi. Palikuwa na bendera ya soko. Ikipandishwa asubuhi, wenye mji peke yao ndio wanaoruhusiwa kununua. Ikishushwa, ndipo wachuuzi kutoka nje wanaingia na kubeba kilichobaki. Baba wa mzee ndiye aliyepandisha bendera na kushika funguo za majengo ya soko. Bei ya ng'ombe hawakuiandika popote. Walipigana viganja, kofi moja, na baada ya kofi hakuna kurudi nyuma. Alinifundisha lile kofi. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu bado.

Mji ulikuwa umeungua mara moja, ukapitiwa na majeshi yaliyokula mpaka mbegu, ukazikwa nusu yake na tauni. Hayo aliyasimulia bila wasiwasi, kama mtu anayesoma habari za majirani wa mbali. Kilichomsumbua ni maji. Kwenye ukuta wa ukumbi wa mji walichonga alama kila mto ulipofurika, na baadhi ya alama zilikuwa juu ya kichwa cha mtu mzima. Tulipofika kwenye kabati la zimamoto alinyoosha kidole akapima, hapa, hapa, na hapa. Kisha akanitazama kama anapima urefu wangu. Sikuupenda mtazamo ule.

Na palikuwa na mahali ambapo hakupita. Kati ya kwa mwoka mikate na daraja kuna kipande cha ukuta mtupu. Kila tukifika hapo alisimama, akapapasa rangi ya ukuta kwa viganja vyote viwili, jasho likamtoka na kiyoyozi kinavuma.

"Nyumba ilikuwa hapa," alisema. "Zizi liko wapi, mama?"

Aliniita mama, kama wazungu wa zamani kule Usambara. Nilimwambia zizi lipo, babu. Lipo wapi? Lipo tu. Hakuridhika. Alipapasa tena na tena mpaka kucha zikaacha michirizi, na mlinzi akaniambia wenye jengo watalalamika.

Kando ya ukuta ule kuna mlango wa ngazi za dharura. Siku moja nilichoka, nikausukuma. Hewa ya baridi ikapanda kutoka chini kwenye maegesho ya magari, yenye harufu ya mafuta na mpira na unyevu.

"Zizi liko chini, babu," nikasema. "Unasikia harufu yake?"

Alivuta pumzi. Mabega yakamshuka. "Ndiyo," akasema, "ni hilo." Jioni hiyo alikula chakula chote, nami nikajisifu kwa madam kwamba nimelipata zizi. Madam akacheka, akaniongezea siku ya mapumziko.

Nilikwenda kuitumia Al Mankhool kwa dada zangu wa Kitanzania, tunaokutana chumbani kupika ugali na dagaa. Walinitania, wakaniita mke wa Mjerumani. Mmoja wao, Mzanzibari mtu mzima aliyelea wazee kabla yangu, hakucheka. Aliuliza kama mzee hulala vizuri. Nikamwambia hulala, ila hataki mto. Ukimwekea mto kichwani, asubuhi unaukuta nje ya mlango wa nyumba, umewekwa vizuri sakafuni, kama kitu kinachosubiri mwenyewe aje akichukue. Yule dada akaacha kukoroga.

"Mwenzangu," akasema, "mtu aliyesahau hata mkewe, akikumbuka kitu kimoja tu, kitu hicho si kidogo. Wewe msikilize, lakini usimfuate huko."

Nilimwona mwoga. Nikarudi kazini.

Habari ya zizi ilikuja mchana mmoja wa kawaida, nikiwa namkata kucha za miguu. Alianza kusema mwenyewe, taratibu, na Kiswahili chake siku hiyo kilinyooka kuliko siku zote. Nyumba iliyokuwa kati ya mwoka mikate na daraja ilikuwa ya familia ya Kiyahudi. Walikuwa wachuuzi wa ng'ombe, baba na babu na babu wa babu, na hapakuwa na gulio lisilokuwa na wao. Baba wa mzee alipigana nao viganja miaka yote. Kisha wakubwa wa nchi walikataza Wayahudi kuuza sokoni, na Alhamisi iliyofuata bendera ikapandishwa kama kawaida, bila wao. Watu walinunua nyanya. Miaka ikapita hivyo. Halafu asubuhi moja lilikuja lori likawachukua wote, pamoja na bibi kizee ambaye ilibidi abebwe na kiti chake.

Vitu vyao viliuzwa uwanjani. Si siku ya gulio, lakini bendera ilipandishwa ili wenye mji wanunue kwanza. Vitanda, sufuria, mapazia, nguo za watoto. Mama yake alinunua mto wa manyoya, na huo ndio aliolalia yeye utoto wake wote. Alisema ulinukia nywele za watu wengine na ukifuliwa unanukia tena.

Nilisimamisha mkasi. Nilitaka anyamaze, nasema kweli. Niliona vibaya kushika mguu wake.

Ng'ombe wachache waliosalia walibaki zizini, akaendelea. Mlango ulibandikwa karatasi yenye mhuri mpaka wakubwa waamue. Baba yake alikuwa anaingia kwa kibali kuwapa majani. Wiki hiyohiyo mvua ikanyesha, mto ukapanda, na zizi lilikuwa upande wa mtoni. Ng'ombe walifungwa kwa minyororo. Walilia. Mji mzima uliwasikia, kwa sababu mji wenyewe ni mdogo. Watu walikuja mlangoni kwao kumwambia baba yake afungue, na baba yake akauliza, ni wa nani? Wa nani, niwafungulie? Karatasi ina mhuri. Hakuna aliyesema ni wake. Funguo zilikuwa mfukoni mwake.

"Walilia mpaka wakaacha," mzee alisema, akatazama miguu yake. "Mama, umewapa maji leo?"

Nikasema ndiyo, babu. Ningesema nini?

Tangu siku ile sikuupenda ule mlango wa ngazi. Yeye aliupenda mno. Alisimama hapo, sikio kwenye mlango, kofia mkononi, akisikiliza. Kila magari yakipita chini alitikisa kichwa. Mlinzi wetu, Mganda mpole mwenye koti lililomzidi, aliniambia, "Dada, huyu mzee yako ananiuliza kila siku kama ng'ombe iko sawa. Mimi nasema iko sawa. Nimekosea?" Nikamwambia hujakosea kaka, sote tumeambiwa hivyohivyo. Nilimwambia madam kwamba ningependa tumtoe mzee kwenye habari za zizi, tumtafutie kitu kingine. Alikuwa anafunga sanduku la safari. Alisema mzee anaonekana ametulia, tusimvuruge, akirudi tutaongea inshallah. Akaondoka.

Ile siku ya mvua kubwa kila aliyekuwa Dubai ana kumbukumbu yake. Mimi nakumbuka kwamba mchana ulikuwa wa kijani. Si maneno ya kupamba. Anga lilikuwa la kijani kibichi, na ndege wote walikuwa wamenyamaza. Mzee alikataa chai. Alikaa kitandani amevaa viatu tayari. Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema bado, na hilo bado lilinitia baridi kuliko angesema jina la mahali.

Mvua ilipoanguka haikuwa kama mvua ya kwetu yenye kuanza na kupumzika. Ilishuka kwa mkupuo. Maji yaliingia kwa mlango wa kibaraza, yakapita chini ya zulia. Nilifunga mlango wa nyumba, nikakimbilia taulo na ndoo. Nilikamua, nikamwaga, nikakamua. Ufunguo niliuacha kwenye kitasa, maana sijawahi kuutoa hapo. Mzee alikuwa mzito wa kumbukumbu, si wa mikono.

Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa mlinzi.

"Dada, mzee iko chini. Nimeona yeye kwa kamera, parking. Maji inaingia huko. Kuja haraka."

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka kwamba taa zilikuwa zinawaka na kuzima, na kwamba kelele ilinipokea kabla sijafika. Maji yalikuwa yanateremka kwa njia ya magari, ya rangi ya udongo, yameshafika magotini. Magari yalikuwa yanalia. Maji yakiingia kwenye nyaya zake gari hupiga honi peke yake, nimekuja kuambiwa baadaye, lakini saa ile sikuwa na habari hiyo. Nilisikia honi ndefu, nzito, moja hapa moja kule, zinaitana gizani. Nilielewa alichokuwa anasikia yeye.

Alikuwa katikati ya magari, kofia kichwani, ameinama kwenye gari jeupe, vidole vinahangaika chini ya kioo cha pembeni kutafuta mnyororo. Maji yalimfika mapajani. Mlinzi alisimama kwenye ngazi ya mwisho akipiga kelele tusiingie, umeme, umeme. Kwa kweli aliogopa na alikuwa na haki ya kuogopa. Niliingia. Sikuwa na ujasiri wowote, nilikuwa na hasira, hasira na mzee, na binti yake, na daktari na maneno yake, na mimi niliyejifanya fundi wa kupata mazizi.

Nilimshika kiunoni. Hakutikisika. Mtu wa kilo chache vile, alishika lile gari kama amepigiliwa misumari.

"Babu, twende. Wameshafunguliwa wote."

"Mbona wanalia?"

Maji yalikuwa yanapanda, niliyasikia yakipanda mapajani mwangu, na midomo yake ilikuwa ya buluu. Nilijua akizidi kidogo pale hatatoka mzima. Nilimvuta tena, akanipiga kiwiko.

"Ni wa nani?" akanipigia kelele usoni. Hakuwa ananiuliza mimi. Ilikuwa sauti ya mtu mwingine, sauti ya baba anayeongea na majirani mlangoni. "Wa nani, niwafungulie?"

"Wangu," nikasema. "Ni ng'ombe wangu, babu. Nimekuja kuwachukua."

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo. "Una funguo?"

Nikatoa mfukoni ufunguo wa chumba changu kando ya jiko, nikamwonyesha. Akaufikiria. Kisha akanyoosha kiganja, nami nikampiga kofi lile la sokoni, kofi moja. Akaliachia gari.

Lakini hakuondoka. Alinisubiri nifungue. Mlinzi aliposhuka hatimaye, Mungu ambariki, akamkumbatia kwa nyuma na kuanza kumvuta taratibu kuelekea ngazini, mzee alikubali kuvutwa kwa sharti kwamba aniangalie mimi. Basi nikapita gari hadi gari, nguo imenata mwilini, nikaligusa kila moja mgongoni na kumpigia kelele, huyu tayari babu, na huyu tayari. Na honi zikaanza kukatika. Moja ikanyamaza, halafu nyingine. Yeye aliona wanatoka. Mimi niliona maji yanafika juu ya injini na kuzinyamazisha, na nikaendelea kusema tayari, tayari. Mwisho pakawa kimya, maji peke yake yanateremka.

Tulimkalisha juu kwenye ngazi, ng'ambo ya mlango wa kwanza. Mlinzi alivua koti lake akamfunika. Alikuwa anapumua, kifua kinapiga filimbi, lakini macho yalikuwa yametulia kuliko nilivyowahi kuyaona. Nilikaa chini yake nikakandakanda miguu yake ipate joto.

"Wametoka wote," akasema.

"Wote, babu."

Mlinzi alikuwa anajaribu simu ya gari la wagonjwa, haikushika. Mzee aliinama, akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti yake mwenyewe, kama mtu anayeuliza njia.

"Na wenyewe je? Wale watu. Wenyewe nani aliwafungulia?"

Tangu niingie nyumba ile sikuwahi kumpinga. Nilikuwa na ndiyo tayari mdomoni. Ningemwambia nilikuwa mimi, ningemwambia walifika salama, wako kwao, wanakunywa chai. Angeniamini. Nilifungua mdomo, na sikuweza.

"Hakuna mtu, babu," nikasema. "Hakuna aliyewafungulia."

Alitikisa kichwa polepole, kwa kukubali.

"Ndiyo," akasema. "Tulikuwa dirishani."